Maabara Niliyoikagua kwa Kahawa

Jumapili, 5 Oktoba
Shule mbili leo, zote mjini Ibra. Ya wavulana asubuhi. Maabara, uwanja, maktaba: nimeona, nimetia tiki. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuhakikisha wasichana wanapata wanachopata wavulana. Ya wasichana, mwalimu mkuu ni Shangazi Zuwena, aliyenilea mama alipofariki. Halua, tende, kahawa. "Kaa mwanangu, unywe. Maabara haina miguu." Niliona haya kutikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, naye akazidi kumimina. Adhuhuri ikaadhiniwa, ufunguo wa maabara haujaonekana. Nikatia tiki. Juu ya saini pameandikwa: nimeona kwa macho yangu. Nikasaini.

Jumatano, 8 Oktoba
Barua imefika ofisini. Salma, darasa la kumi, shule ya Shangazi. Anasema maabara yao imejaa viti vibovu, majaribio ya kemia wanayasoma kitabuni tu, na wavulana ng'ambo ya barabara wanayafanya. Bosi akaniuliza. Nikamwambia watoto hutia chumvi. Sijaiona hiyo maabara, na nimemfanya mtoto wa watu mwongo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Vifaa vipya vya maabara vipo vya shule moja tu. Fomu yangu inasema kwa Shangazi hakupungui kitu, basi vinakwenda kwengine. Uamuzi Jumatatu. Jioni Shangazi kapiga simu. "Huyo aliyeandika nishamjua. Jumapili namwita babake. Kanitia aibu." Nikaitikia, "Naam, Shangazi." Naam! Najichukia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Chakula cha mchana kwake, kama kila Ijumaa. Nimekula pilau, nikanawa, nikaondoka.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimefika kabla ya baba wa Salma. Shangazi akanimiminia kahawa. Nikasema, "Ufunguo kwanza, Shangazi." Kwetu kahawa haikataliwi. Mkono wake ulibaki hewani na kikombe. Ufunguo ulikuwa mkobani mwake siku zote.

Viti mpaka dirishani. Mabomba ya gesi bado yamo kwenye plastiki. "Nikiomba vifaa, watasema Zuwena shule imemshinda," akasema. Mficha uchi hazai, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikaandika mbele yake: ripoti ya kwanza ni ya uongo, nilisaini bila kuona.

Baba alipoingia na Salma nikamwambia bintiye kasema kweli. Salma hakunishukuru. Aliuliza tu, kwa Kiarabu, maana Kiswahili chetu cha nyumbani hakijui, mbona siku ile sikwenda kuangalia. Ningesema nini, nilikuwa nakunywa kahawa?

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimepewa barua ya onyo. Nimeistahili. Vifaa vinakwenda kwao kina Salma. Shangazi hapokei simu. Kesho Ijumaa, nitakula nyumbani. Kahawa nimepika mwenyewe, iliki imezidi. Nimekunywa kikombe kimoja, nikakitikisa, na hapakuwa na wa kunimiminia.