Mkalimani wa Mume Wangu

Mongu, Jumatatu

Kwa dada yangu mpendwa Inonge,

Salamu nyingi zikufikie huko Kalabo, wewe na shemeji Likando na watoto. Je, mguu umepoa? Na maji yameshuka, au bado mnavuka kwa mtumbwi kwenda shambani? Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unajua tangu tuhame Kitwe kuja huku kwetu, mume wangu, Mchungaji Kapambwe, hajajifunza Kilozi zaidi ya kusalimia. Anahubiri kwa Kibemba, nami nasimama kando yake kutafsiri. Mkalimani hasemi “mchungaji anasema”. Anasema “mimi”. Basi akisema, “Mimi humwita mke wangu kwa majina matamu kila asubuhi,” ni kinywa changu kinachoyatangaza, na kanisa zima linaitikia amina. Tukitoka nje wanawake wananitania: “Mama Mchungaji, huyo ulimlisha nini? Tugawie na sisi, wetu hata ukiwaita kula wanaguna tu!” Nacheka nao, ningefanya nini?

Nyumbani hanisemeshi, dada. Tangu Pasaka, nilipomkumbusha aya aliyoikosea mbele ya wazee wa kanisa, hajaniambia neno. Tukikaa mezani anamgeukia binti yetu Namasiku: “Mwambie mama yako ugali haujaiva.” Nami nipo pale pale, naweza kumgusa mkono. Mtoto ananigeukia: “Mama, baba anasema ugali haujaiva.” Juzi nimemkuta akicheza na wanasesere wake: baba, mama, na wa katikati wa kupeleka maneno. Nilikwenda jikoni nikalia.

Nilimwendea Mzee Mubita, mkubwa wa wazee wa kanisa, nikamweleza. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alisema, mtu anayehubiri vile? Labda maneno yote anayamalizia kwetu kanisani, mama, mwache apumzike. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Sasa nikuungamie. Jumapili moja alihubiri juu ya ndoa, akasema hajawahi kulala na kinyongo dhidi ya mke wake. Sijui ni nini kilinipanda. Kwa Kilozi nikasema: “Mimi sijasema na mke wangu tangu Pasaka. Namtuma mtoto.” Nilitaka mtu mmoja tu ageuke anitazame mimi. Badala yake Mzee Mubita alisimama akilia, akapiga makofi, na wote wakasimama naye. Wakasema hawajapata kuona mchungaji mnyenyekevu hivyo, anayeanika dhambi yake mbele ya watu. Mume wangu akainamisha kichwa, akapokea sifa asizozijua.

Jioni Mzee Mubita alikuja kumpongeza, akamsimulia yote kwa Kibemba cha kuungaunga alichokiokota migodini, kisichomtosha kufuata mahubiri. Nikajua nimekwisha. Lakini mume wangu hakunipiga wala hakunifokea. Jumapili iliyofuata alipanda madhabahuni akasema mwenyewe, machozi yakimtoka, kwamba alikuwa mume bubu nyumbani mwake na Mungu akamfungua kinywa. Nami nikatafsiri kila neno. Sasa makanisa yanamgombania kwa ushuhuda huo, na nyumbani bado anamtuma Namasiku. Ukweli wangu ulikuwa huo mmoja, dada, na ameuchukua. Nikisema tena, nani ataniamini?

Mwezi ujao amealikwa kanisani kwenu. Najua huwezi kunitoa huku, na mtoto siwezi kumwacha. Nakuomba hili tu: kaa viti vya mbele. Akifika pale anapotoa machozi, nami nikisema “mimi, mimi”, wote watasimama kupiga makofi. Wewe usisimame. Nitazame.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani zako wote wanaoniulizia. Namasiku anakusalimu sana. Amekaa hapa ananiangalia nikiandika, ameniuliza maneno haya yote ni ya nani. Nimemwambia ni yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwangala