Usiguse Mashine ya Kufulia

Baba Adut,

Nimezima stima nyumba nzima. Usiwashe mpaka fundi aje.

Wiki jana nilikuambia mashine inanipiga shoti, ukacheka. Leo asubuhi Adut alishika mlango wa mashine kwa mikono yenye maji, stima ikamnasa. Nilikimbilia swichi kubwa nikaizima. Nilimwita mara tatu ndipo akasema, "Mama, nimefanya nini?"

~~Kanunue ile ya kufua na kukausha uliyoipenda sokoni Konyo Konyo.~~ Usinunue yoyote kwanza. Fundi ameniambia kwa simu huenda ubaya uko kwenye nyaya za nyumba. Tutafua kwa mikono.

Chai iko kwenye thamosi. Nampeleka Adut kliniki ya Munuki wamwangalie moyo. Tufuate. Anacheka na kutembea vizuri, lakini mimi naogopa kumwachilia mkono.

Mama Adut