Nyani wa Kihispania Huku Kianda

Jumapili. Mtaa wetu wa Kianda umeamka na manyunyu yale yasiyolowesha nguo wala kukupa kisingizio cha kubaki kitandani. Nina hasira. Wanaonisoma katika blogu hii wameshazoea. Kilichobadilika leo ni ninayemkasirikia.

Kwanza niseme ninachokiamini bado. Siwapendi wageni wanaoshuka kwetu kwa wiki sita na mfuko wa picha za wanyama. Marta, binti wa Kihispania wa miaka ishirini na miwili, alipokuja kufundisha watoto lugha yake kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa letu, alibandika ukutani simba, twiga, ndovu na kifaru. Watoto wa Kianda! Simba wanamwona palepale anapoonwa na mtoto wa kwao Marta: kwenye picha.

Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Watoto wakaunga mkono. Wakadai majina ya panya, kunguru, mbuzi anayetafuna magazeti, na wale korongo wenye upara wanaosimama jalalani kama wazee wanaosubiri posho ya mkutano. Marta akakubali. Akachora panya mwenyewe, mbaya sana, na darasa likachangamka.

Mimi nilikuwa mtafsiri. Kihispania changu nimejifunza peke yangu kutoka kitabu na kamusi kuukuu, nilivyovinunua vikiwa vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara. Ninakisoma vizuri kuliko ninavyokisema.

Lakini sikwenda pale kwa ajili ya Marta. Nilikwenda kwa ajili ya Achieng.

Achieng ni binti wa kaka yangu, ana miaka tisa, anaishi nami. Ana kigugumizi. Shuleni akisimama kusoma, darasa zima humalizia neno kwa niaba yake, kwa kicheko. Tangu mwaka jana hajanyoosha mkono, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Ila kwa Kihispania sote tuna kigugumizi. Hakuna wa kumcheka mwenzake. Jumamosi ya tatu alisema *vaca*, *cabra*, *gallina*, yaani ng'ombe, mbuzi, kuku, moja baada ya jingine, bila kujikwaa hata mara moja. Nilitoka nje nikajifanya napenga kamasi.

Jumamosi ya nne tukafika kwa nyani. *Mono*.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kila mtoto hapa anajua mono ni nani: ni mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, yule anayetumwa na wakubwa akazime taa ya stima kwa kuipuliza. Shiru, mwenye mdomo kuliko wote, akasimama juu ya benchi. "Tichee! Kumbe bro yangu ni nyani? Nilikuwa nashuku!" Nilicheka kuliko wao. Halafu nikawapa sarufi, kwa kuwa siwezi kujizuia: *gato* ni paka dume, *gata* ni jike. *Mono*, nyani dume. Jike je? "*Mona*!" wakajibu kwa pamoja. Nilijisikia mwalimu.

Jana Achieng alisimama mwenyewe, bila kuitwa. Akasema sentensi nzima: *Mi gata come ratas*. Paka wangu anakula panya. Maneno manne, safi kama maji ya kuchujwa.

Marta akajishika mashavu. "*¡Ay, qué mona!*"

Kisha Shiru, kwa sauti ya mtu aliyejibu swali la mtihani: "Amemwita nyani jike."

Achieng akaketi.

Sikuuliza kitu. Mimi, ambaye nimeandika hapa mara ngapi kuhusu watu weusi na jina hilo, nilihisi nimeusubiri wakati huo maisha yangu yote. Nilimfokea yule binti kwa lugha tatu. Nilimwambia babu zake walitubatiza jina hilo na yeye amekuja kulirudia ndani ya kanisa letu. Alijaribu kusema kitu, nikakifunika. Akachukua mkoba wake, akaondoka analia. Wazazi wawili waliokuwa mlangoni wakanipigia makofi. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jioni nikaketi kuandika makala kali ya kuwekwa hapa. Nikafungua kamusi ili ninukuu sawasawa. *Mono*: nyani. Mstari wa pili, ambao sikuwahi kuushukia: *mono, mona*: -zuri, -a kupendeza, hasa kwa mtoto.

Kumbe Marta alisema, "Jamani, mrembo huyu!"

Nimewatukana watu humu kwa kusoma nusu ukurasa.

Nilimweleza Achieng usiku uleule. Asubuhi nikamuuliza kama anataka chai, akaonyesha kikombe kwa kidole.

Basi mchana tukapanda boda boda hadi kituo cha Kawangware 46, Marta alikopanga chumba. Mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga alitufungulia geti nusu. "Wewe ndiye yule mama wa makelele? Mzungu wangu hajala tangu jana. Ukianza tena, mimi nakutoa na mwiko."

Niliomba msamaha, na niliuomba vibaya. Nilisema nimekosea, halafu nikaongeza kwamba bado neno hilo halifai kurushiwa mtoto mweusi, popote, hata likiwa na mistari kumi ya uzuri chini yake, na anayevuka bahari kufundisha angepaswa kulijua hilo kabla ya kujua twiga. Sifuti hata herufi moja ya hayo. Marta, macho mekundu, nywele kama kiota, akajibu kwa Kiswahili chake kidogo: "Mimi najua sasa. Lakini wewe hapana uliza. Yeye alisema vizuri sana. Wewe hapana sikia yeye."

Nilirudi nyuma hatua moja. Watu wanaonifahamu wanajua hilo halitokei.

Ndipo Achieng, aliyekuwa nyuma yangu, akasogea mbele. Akamkagua Marta kuanzia zile nywele hadi kandambili.

"T-t-tú," akasema. "Tú no m-m-m…"

Hakuna aliyemmalizia. Hata mwenye ploti alisubiri.

"…mona."

Marta akacheka hadi akaketi chini kwenye ngazi. Achieng naye akacheka. Walikuwa wamepatana, kwa utani wa kwanza ambao mtoto huyu amewahi kumtania mtu mzima mbele yangu. Mwenye ploti akaniuliza amesema nini, nikashindwa hata kutafsiri "Wewe si mrembo."

Maana wao walisikia utani. Mimi nilisikia zile m tatu.

Kwa majuma matano kulikuwa na lugha moja duniani ambayo kigugumizi hakikuwa kimeifikia. Sasa kimefika, na si Mhispania aliyekileta.

Jumamosi Marta atafundisha, amekubali. Nami nitasimama mbele ya watoto wale, mbele ya Shiru na wazazi walionipigia makofi, niwaeleze kosa langu kwa Kihispania, kwa matamshi yangu ya mtu aliyejifunza lugha kwa macho. Nitakwama katika kila sentensi. Wakitaka kunimalizia maneno kwa kicheko, nitawaacha wamalizie.