Chumvi Iliyobaki Nyeupe

Mama mpendwa,

Nilifika Macalder salama, ila jua linachoma na vumbi la migodi linaingia hadi kwenye chai. Leo shuleni tulipima chumvi ambayo wanafunzi walibeba kutoka nyumbani. Muuguzi anaidondoshea dawa, na ikiwa na iodini, ile inayozuia shingo kuvimba, inageuka zambarau. Ya msichana mmoja ilibaki nyeupe pe. Nikamwona na shingo imeanza kujaa.

“Kwenu mnaiweka wapi?”

Akanijibu kwa kujivunia nyanya yake: “Dana huianika kwa ungo siku nzima ndio ikauke vizuri.”

Muuguzi akasema jua hilo ndilo linalomaliza iodini, na mtoto anayeikosa huchoka na kusinzia ovyo. Nilishtuka, Mama. Si hata sisi huanika yetu hapo Homa Bay, kwa sababu ya unyevu wa ziwa? Sasa namfikiria Adhiambo wetu anayesinzia darasani, mwalimu akimwita mvivu. Hata mimi nilimwita hivyo.

Tafadhali nunua chumvi nyingine, uifunike ndani ya mkebe. Halafu mwambie Adhiambo atazame juu, umpapase shingo polepole. Akiuliza unatafuta nini, mwambie dada yake anamwomba msamaha.

Binti yako,
Atieno