Fomu ya Kliniki na Ushauri Niliokupa

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mwanangu,
Jumapili, tarehe kumi na saba.

Mpendwa mdogo wangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie hapo ulipo, wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini kikohozi ulichokitaja katika barua yako ya mwaka jana kimekwisha, na kwamba macho yako bado yanakuruhusu kutunga uzi kwenye sindano. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu: nakula, nasoma bila kuinamia kitabu, na miguu inanifikisha nyumba ya ibada bila fimbo. Nimekujulia hali kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Nakiri, hata hivyo, kwamba mkono wangu ulikuwa na haraka ya kufika kwenye jambo lenyewe, na sasa umefika nao unasita.

Jumatano saa nne asubuhi nina miadi katika kliniki ya afya na urembo wa wanawake. Usicheke. Iko ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na mlangoni wamebandika picha ya msichana mwenye mabega wazi, anayetabasamu kama mtu ambaye hajawahi kufua shuka. Mimi siendi kutafuta mabega. Naenda kwa sababu haja ndogo inanitoka pasipo ruhusa yangu: nikikohoa, nikiinua ndoo, nikinyanyuka baada ya kupiga magoti. Imekuwa hivyo tangu nilipomzaa mwanangu wa mwisho, naye sasa ana miaka thelathini na mmoja.

Najua umeirudia sentensi hiyo ya mwisho. Nivumilie kidogo, nitaifikia.

Watu wote hapa wanajua kwamba mimi, mwalimu wa dini wa akina mama, nina goti bovu. Goti langu halina kasoro. Nililisingizia ili nipate kukaa karibu na mlango, kwenye kiti changu peke yangu, niweze kutoka bila kupita mbele ya watu. Wanafunzi wangu wakanishonea mto wa kukalia, wakautarizi maua pembeni. Wakaliombea goti hilo kwa sauti nami nipo, na mwisho wa dua nikaitikia pamoja nao. Miaka yote niliyosoma haijanifundisha niiweke dhambi hiyo katika fungu gani.

Aliyenigundua ni mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu wa mwisho, yule msusi uliyemwona kwenye picha ya harusi. Alikuwa akitafuta blanketi kabatini mwangu akavikuta vitambaa nilivyokuwa nikivianika humo ndani, nyuma ya nguo za ibada, kwenye kamba niliyoifunga mwenyewe. Kesho yake alikuwa akinisuka, kichwa changu kimeshikwa sawasawa mikononi mwake, akazungumza kama anayeulizia chumvi.

"Mama, wateja wangu watatu wana jambo hilo. Wawili wamepona. Wa tatu mbishi kama wewe."

Nikamwambia achunge ulimi wake. Akanijibu nitulie, nisije nikatoka na mistari iliyopinda. Nikamweleza kwamba huo ni mtihani, na mtihani hukabiliwa kwa subira. Akavuta msuko mmoja mpaka machozi yakanilenga, akasema, "Mtihani gani huo, Mama, wa miaka thelathini, na hata kalamu hujashika?"

Simu aliipiga yeye, akaniwekea sikioni. Binti wa mapokezi akaniita mrembo. Nikamjulisha kwamba nina miaka sabini na miwili. Akasema, "Sawa, mrembo, na uzito?"

Kisha wakatuma karatasi ya maandalizi. Kwa siku tatu niandike kila ninachokunywa na kila ninachotoa, kwa vipimo, na kila inapovuja niandike nilikuwa nikifanya nini. Nivae nguo ya ndani ya pamba. Nisipake manukato wala poda. Nitaje watoto niliowazaa, na uzito wa kila mmoja nikiukumbuka. Niende na mtu ninayemwamini. Mkwe wangu akanunua jagi la plastiki, akalizungushia mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ili lisije likaingia jikoni kwa bahati mbaya.

Nimeyatimiza hayo yote kwa uangalifu ule ule ninaotayarishia masomo. "Saa moja na robo, chai, kikombe kimoja. Saa mbili, nilipiga chafya." Siku ya tatu nilipojumlisha, nilikuta ni mara nne kwa siku, siku zote tatu, tena kwa mambo yale yale. Mdogo wangu, maisha yangu yote niliyapanga kulizunguka jambo hili. Niliacha safari, niliacha harusi za watoto wa ndugu, nilikataa kulala kwa watu, nilidhani ni bahari. Kumbe ni mara nne. Kitu kinachohesabika hivyo mtu aliyesomea angeweza kukitazama tangu zamani. Nilikaa nikilitazama daftari lile, na uchungu nilioupata sikuwahi kuupata hata msibani.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya daftari. Nyuma ya karatasi hiyo kuna fomu ya maswali, na swali la tisa linauliza: je, umewahi kutafuta ushauri kuhusu tatizo hili, kwa nani, na uliambiwa nini? Hapo kalamu ilikwama, kwa kuwa mimi sikuwahi kumwendea mtu. Mimi ndiye niliyeendewa.

Ni miaka ishirini na mitano sasa. Akina mama walikuwa wameondoka darasani, wewe ukabaki umesimama. Nilikukaribisha ukae, ukaniambia hutaki kukaa kwenye mkeka wa watu. Nikaelewa kabla hujafungua kinywa tena, kwa maana wakati ule ule, chini ya nguo zangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimelowa. Uliongea huku unatazama dirisha. Uliuliza kama ni haramu kumwendea daktari kwa jambo la mahali kama pale. Nami nikakuambia, "Vumilia, na usimwambie mtu. Mwili wa mwanamke si tangazo."

Ukaniuliza tena, "Na wewe, Dada, halijakupata?"

Nikakujibu, "Mimi namshukuru Mungu."

Hayo yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mumeo alikuhamishia chumba cha mizigo, kisha akaleta mke mwingine, kisha ukaichukua cherehani yako ukaondoka. Nami niliwaambia ndugu kwamba ulikosa subira. Nilifundisha na somo zima juu ya mke asiye na subira. Sikutaja jina, na hapakuwa na mwanamke mle ndani asiyejua ni nani.

Wiki hii nimerudi kwenye vitabu vyangu. Siku mbili nimetafuta mahali palipoandikwa kwamba mwanamke afiche ugonjwa wake kwa anayeweza kuutibu. Hapapo. Nimekuta kinyume chake, tena zaidi ya mara moja, katika kurasa nilizozipigia mstari kwa mkono wangu ujanani. Nilichokufundisha nilikiokota midomoni mwa watu, nikakisema kwa sauti ya kitabu, nawe ukaniamini kwa sababu ya sauti.

Nina uchungu na wewe pia. Utotoni ulibishana nami hata juu ya upande wa kulala. Siku ile moja iliyohitaji ubishi, ukainamisha kichwa ukaondoka. Nimeifuta sentensi hii mara moja kisha nikaiandika tena, kwa kuwa inanikaa moyoni, ingawa si ya haki.

Kwenye swali la tisa nimeandika hivi: "Sikutafuta ushauri. Mdogo wangu aliutafuta kwangu, akiwa na tatizo hili hili. Nilimwambia anyamaze, nikamficha kwamba ninalo." Mkwe wangu alipoisoma akasema daktari hana haja na habari hizo. Nikamwambia zibaki. Darasa langu bado sijaliambia. Ujasiri wangu umefika kwenye karatasi, kinywani haujafika, na sitaki nikudanganye tena kwa kujionyesha kuliko nilivyo.

Nasikia wengi hutibiwa kwa mazoezi ya misuli ya nyonga wakisimamiwa na mtu aliyesomea, na wachache tu huhitaji zaidi ya hapo. Huko uliko hakukosi kliniki. Wataweka picha ya kipuuzi mlangoni na watakuita mrembo. Ipite picha, uingie. Kama ulikwisha kupona zamani bila mimi, basi Mungu ashukuriwe, na aibu ibaki kwangu peke yangu.

Wasalimie binti yako mkubwa na mumewe, na wajukuu niliowaona kwa picha tu. Mwanangu anakusalimu, na mkwe wangu anasema angependa siku moja azisuke nywele zako. Mwenyezi Mungu akurudishie kilichopotea kwa njia ambazo mimi sizijui, na akulinde na washauri wa aina yangu.

Usiharakishe kunijibu. Nenda kwanza kwa daktari. Na baada ya hapo, kama hutaki kuniandikia neno, sitakulaumu. Kunyamaza nilikufundisha mimi.

Ndimi akupendaye, kwa kuchelewa,
Dada yako.