Samaki wa Kumshushia Paka

Mkwe wangu na wajukuu,

Nimeenda kliniki kupima presha, nitarudi mchana. Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma uvuteni kwa nguvu, komeo linateleza.

~~Paka mpelekeni kwa mwenye duka kama mlivyosema.~~ Msimpeleke popote kwanza. Mkwe wangu, asubuhi ulipokuta manyoya kwenye kochi jipya ukasema, "Jumamosi huyu anahama!", mdogo akalia hadi chai yake ikapoa. Mlipotoka nikakaa kumtazama huyo paka. Akapanda kochi, akanikodolea macho, akangoja. Ndipo nikakumbuka kwamba kila akipanda mimi humshusha kwa kipande cha samaki. Wiki ya tatu hii! Kumbe hapandi kulala, anapanda kudai chake. Mwalimu ni mimi, na mwanafunzi kafaulu.

Basi fanyeni hivi. Kwenye kigoda cha dirishani nimetandika sweta langu lililochanika kiwiko. Akikaa pale, apewe samaki. Akipanda kochi, ashushwe kimyakimya, asipewe kitu wala asirushiwe kandambili. Samaki nimeweka kwenye bakuli la kifuniko cha bluu. Vipande viwe vidogo, tumbo lake mnalijua.

Nipeni wiki mbili. Asipobadilika, tufungashieni wote wawili, twende kwa mwenye duka tukasome upya.

Bibi yenu