Picha Iliyokataa Kukauka

Jumatano, katikati ya kiangazi. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi la Dodoma limeingia hadi kwenye meno. Sina wa kumwambia haya ila daftari hili.

Bibi, Mzungu niliyemtumikia, ameondoka leo kwa gari la moshi. Mumewe, mhandisi wa reli, amemaliza kazi yake hapa na wanarudi kwao Udachi.

Niseme ukweli, sikumpenda sana. Alikuwa na hasira za asubuhi, na miaka miwili nimemfulia mpaka soksi. Lakini kila Jumapili baada ya ibada aliniweka mbele ya picha aliyokuja nayo, matufaha ya Ulaya juu ya meza iliyoinama kana kwamba inataka kuyamwaga, akanipa brashi niige. Tufaha lenyewe sijapata kuliona. Mwanzoni nilidhani ni nyanya. Saa ile moja ndiyo pekee, kwa wiki nzima, mtu aliponiita kwa jina. Siku nyingine naitwa "wewe".

Kijijini kwetu Buigiri dada zangu hunyamaza nikiingia. Wanasema nimekuwa Mzungu. Humu ndani mimi ni mikono ya kufulia.

Sasa nikiri kosa langu. Rangi zile hulainishwa kwa mafuta ya kichupa alichokuja nacho Bibi, na kichupa kilikuwa kinakaribia kwisha. Niliogopa mafuta yakiisha na masomo yataisha. Basi nikawa nayabana, nikalainisha rangi kwa mafuta ya nyonyo bila kumwambia. Mama alichanganya udongo mwekundu vivyo hivyo, tukajipaka siku za ngoma, tukang'aa. Kwetu rangi nzuri ni ile inayong'aa. Haikunijia akilini kwamba ya picha inatakiwa ikauke, na nyonyo haikauki.

Halafu wiki mbili zilizopita Bibi akaniambia wanahama. Akaahidi kuichukua picha yangu, aitundike nyumbani kwake kando ya ile niliyoiiga. Nikaandika jina langu pembeni, Damari, kwa rangi ya samawati. Nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kuwe na ukuta mmoja duniani wenye jina langu.

Kila asubuhi niliigusa. Kila asubuhi ilikuwa mbichi.

Leo Bibi naye aliigusa. Kidole chake kikatoka chekundu, na vumbi lilikuwa limeganda juu ya matufaha yangu mpaka yameota manyoya. "Haijakauka, Damari," alisema. "Itaharibu nguo zangu sandukuni." Hakukasirika. Heri angekasirika. Alifuta kidole kwa kitambaa nilichokifua jana, akaenda kutafuta kofia yake. Mungu anisamehe, nilitamani afutie kwenye gauni lake jeupe.

Niliporudi kutoka stesheni, mpishi, Mzee Ramadhani wa Kondoa, alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari limeshakwenda, mwanangu. Njoo unywe uji."

Nikamwambia nimeshiba. Sijala tangu jana.

Sasa nimekaa katika chumba kitupu cha Bibi. Wazungu wapya wanakuja Jumatatu, na sijui kama watataka hata kujua ninaitwa nani. Picha yangu nimeiegemeza sakafuni, uso ukutani. Mafuta ya kichupa niliyoyabana yamebaki, yanatosha Jumapili nyingi. Nimeyatazama nikalia, kisha nikajicheka.

Kesho nitaweka vitunguu viwili mezani nijaribu mwenyewe. Mkono ninao, na brashi moja na rangi kidogo Bibi alizisahau. Lakini nikikosea, nani atasimama nyuma yangu aniambie, "Kivuli si cheusi, Damari, tazama tena"?